Sekunde Kumi na Moja

Mwalimu Maturu alitufundisha kupitia kioo cha simu,
uso wake ukiganda kila wingu lilipopita juu ya Arua,
mdomo wazi katikati ya neno "ridhaa",
na sisi kumi na wanne tukisubiri neno lifike mwisho.

"Msiende na majibu mfukoni," alisema aliporudi.
"Ukiuliza, nyamaza. Ukinyamaza, hesabu.
Kimya nacho ni neno. Kiandikeni."

Nikakiandika.

Nilikaa na Bi Driciru kwenye kigoda cha kukopa,
baina ya angara na mizani yake yenye kutu,
kinasa sauti nimekilaza juu ya gazeti lililojaa magamba.
Alianza kwa Kilugbara, akarukia Kiswahili,
akamkemea kwa Kinubi mtoto aliyedokoa dagaa,
kisha akanirudia kwa upole, kama hakuna lililotokea.
Nikamuuliza juu ya mwaka ule wa kufungwa mpaka wa Kongo.
Akanyamaza.

Usiku, umeme ukiwa umelala mapema kuliko mimi,
niliirudisha sauti nyuma, nikairudisha tena.
Saa moja ya maneno hula saa saba za masikio:
kikohozi, jogoo, pikipiki inayogoma kuwaka.
Na pale, dakika ya ishirini na tatu,
kimya. Sekunde kumi na moja.
Nikazitia ndani ya mabano kama mayai ndani ya kapu.
Pembeni, kwa kalamu ya kijani, nikabandika msimbo: huzuni.
Chini yake: kumbukumbu isiyosemeka.
Juu ya ukurasa: Mshiriki wa Saba.
Nilijivuna, sifichi.
Nililala nikiitabasamia huzuni ya mtu mwingine.

Siku hizohizo nilikuwa ndani ya kundi lao la simu;
Asiku, mwanawe, ndiye aliyeniingiza.
Wiki tatu nasoma: bei ya chumvi, msiba wa Vurra,
picha ya mtoto aliyeota jino,
sauti za alfajiri kutoka Panyimur zenye upepo ndani yake.
Nakili, bandika. Nakili, bandika.
Hata mmoja wao akauliza, sauti yake kavu:
"Hii namba inayoishia arobaini na sita ni ya nani?
Yupo kila siku. Hanunui, hauzi, hasalimu."

Masikio yaliniwaka, peke yangu chumbani.
Nikaandika: Hodi.
Wiki tatu baada ya kuingia.
Nikajieleza. Wawili walikataa; nikayafuta maneno yao,
hata ule utani wa mume na nyavu
ambao, Mungu shahidi, ndio uliokuwa moyo wa sura yangu ya tatu.
Waliobaki walinitaka ninunue samaki.

Nilimrudia Bi Driciru na karatasi kumi na nane.
Hasomi; nikamsomea yote, hata mabano.
Alicheka kusikia jinsi anavyokohoa kwa maandishi.
"Na hapa," nikashusha sauti, "hapa ulinyamaza.
Sekunde kumi na moja. Nimeandika huzuni."

Akaniangalia kama mtu aliyepima samaki kwa rula.
"Hapo? Hapo nilikuwa nahesabu chenji ya yule mama wa vitenge.
Alinipa noti ya elfu hamsini. Ulitaka nikosee?"

Nikalikata neno langu la kijani.
Alinitazama nikilikata, hakuniharakisha.
"Huzuni ipo," akasema, akimgeuza samaki mmoja upande wa pili,
"ila haiko hapo. Iko kule mbele, nilipokuwa nacheka.
Washa hicho kidude chako.
Na safari hii andika jina langu lote.
Saba ni nini? Mimi nilipewa jina kabla hujazaliwa."

Nikawasha.
Betri ilikuwa imebaki asilimia tisa.