Kopo la Bugarika

Nilipanda Bugarika na kopo la maziwa ya unga.
Ndani yake waya mmoja usiogusa ukingo,
transista niliyoing'oa kwenye redio ya marehemu mjomba,
betri ya volti tisa,
na mshale ambao tabia zake nazijua
kuliko ninavyozijua za wanangu.

Mama Nyanzobe akalitazama, akanitazama.
"Hilo ndilo litakalomwona?"
Haliwezi kuona, mama. Linahesabu.
Hewa ina chembe zenye umeme, hasi na chanya;
ukichana nywele kavu unazizalisha,
radi ikipiga upande wa Ukerewe
mshale huruka kabla sijaanua nguo.
Wako wasemao kwamba mfu akipita
hewa hubaki imechanika, na kopo husikia.
Wanasema.
Mimi ni fundi redio, mtaa wa Rwagasore,
mkabala na duka la magodoro.

Akavuta kigoda. "Hupita saa nane."

Chumba cha nyuma hakina ukuta wa nyuma.
Kuna jiwe. Mlima wenyewe umeingia ndani
ukaketi.
Maduhu alijenga pande tatu kwa tofali,
wa nne akasema umeshajengwa.
Miaka thelathini aliwasha matairi juu ya mawe ya watu,
akayamwagia maji, yakalia, yakapasuka,
akayaponda kokoto ndoo kwa ndoo.
Hili hakuligusa.
"Alisema hili si kazi, hili ni nyumbani."
Aliondoka mwezi wa tatu, kwa kifua.
Kule Bugando waliandika: vumbi.

Saa tano mshale umelala.
Saa sita bati likapiga tak! likipoa,
mbwa wa jirani akabweka, akasahau alichobwekea.
Nikasogeza kopo kwenye kitanda: kimya.
Kwenye koti lake, bado msumarini: kimya.
Kwenye jiwe,
mshale ukainuka polepole
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.

Mama Nyanzobe hakupiga ukelele.
Alijifunga khanga upya, akakohoa kidogo, akasema,
"Mwambie bili ya maji nimelipa."

Nami nilikuwa ninajua.
Jiwe la namna hii lina madini yanayooza taratibu
tangu kabla ziwa halijawa ziwa,
na kuoza kwake ni gesi isiyo na harufu wala rangi,
radoni; hiyo ndiyo inayoichana hewa.
Nyumba zote za mlima huu zina mzimu huu mmoja.
Nikauliza: dirisha hufunguliwa lini?
"Tangu arobaini, sijafungua.
Nifungue ili atoke?"

Nilikaa na swali hilo dakika nyingi.
Kisha nikamweleza habari ya gesi na mapafu,
nikisema vibaya, nikirudia,
nikiona kifua kimoja kilichokwisha
na cha pili kinachokohoa mbele yangu.
Akasikiliza mpaka mwisho.
Akainuka mwenyewe, akaisukuma komeo.
Upepo wa ziwa ukaingia na harufu ya dagaa,
na taa za Kirumba, ndogondogo, chini kabisa.

Tukautazama mshale ukishuka.
Ukishuka.
Hakuuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya jiwe,
ambalo lilikuwa bado na joto la jua la jana,
akakiacha hapo mpaka usingizi ukamchukua
akiwa amekaa.

Saa nane kasoro dakika tano
nikachomoa betri.

Asubuhi akanipa chai na muhogo.
"Umepata nini?"
Betri iliisha, mama, nikasema.
Akatikisa kichwa, kama mtu anayemhurumia fundi.
"Basi dirisha nitalifungua mchana tu.
Usiku, tutaona."

Nikateremka kwa zile ngazi za mawe, kopo kwapani.
Nilipofika barabarani nikaitoa betri mfukoni
nikaigusisha ulimi.
Ikaniuma vizuri kabisa.