Daftari Kuanzia Nyuma

Nilikuwa na daftari jeusi, la makosa.
Kila mwanafunzi na ukurasa wake, kila kosa na tarehe yake:
kachelewa, kapiga kelele, kamtukana mwenziwe,
kalala darasani.
Choijil alikuwa na kurasa tatu,
na nusu yake ni neno hilo moja: kalala, kalala, kalala.

Shule yetu iko chini ya milima ya Altai,
ambako Januari maji hugandia ndani ya birika
na watoto wa wafugaji hulala bwenini
miezi minne bila kusikia ngamia wa kwao.

Dulmaa, mlezi wa bweni, alilifunua siku moja
akitafuta karatasi ya kuwashia jiko.
Akasoma. Hakusema kitu.
Akaligeuza, nyuma ikawa mbele,
akanirudishia. "Huku kweupe," akasema.
"Jaza na huku."

Nikadhani ni kazi ya wiki moja.
Kumbe kosa lina mguu mzito, hata kiziwi hulisikia;
wema hunyata.
Ukiutaka, sharti uvue viatu uufuate.

Siku ya kwanza sikuandika hata herufi.
Ya pili: Nomindari hukiwahi kikombe chenye ufa
asije akakipata mdogo.
Ya tano: Sugar huja na kalamu tano kwapani
wino usigande. Nne si zake.
Ya tisa: kuna aliyefuta tusi ubaoni
kabla mwenye jina hajalisoma.
Sikumjua ni nani. Nikaandika: fulani.

Ukurasa wa Choijil ukabaki theluji tupu.

Usiku mmoja jino likaninyima usingizi.
Saa tisa nikaenda bwenini kumwomba Dulmaa
chumvi ya kusukutulia.
Mlango wa jiko ulikuwa wazi,
na mbele yake Choijil, kachuchumaa,
na jozi saba za buti za sufi,
akizigeuza moja moja kama mtu achomaye mikate.
Za wale wa darasa la kwanza,
wachezao thelujini mpaka giza liwafukuze,
kisha asubuhi hulia
mguu ukiingia kwenye barafu.
Hakuniona. Akatia makaa, akapiga mwayo,
akageuza ya nane.

Kesho yake, kipindi cha sehemu, akalala.
Nikasimama juu yake, chaki mkononi,
darasa zima likingoja ile sauti yangu.
Nami niliingoja.
Haikuja. Nikavua koti nikamfunika.
Mmoja akacheka,
akajikuta anacheka peke yake.

Zamu za jiko sasa ni za watu wazima. Yangu ni Alhamisi.
Yeye huja hata hivyo; ameshazoea kukesha.
Basi sehemu nilimfundishia huko,
tumechuchumaa wawili:
nusu ndoo ya makaa, robo, thumni.
Alipopata jibu alinitazama kwanza mikononi,
kuona kama nimeshika daftari.

Nilikuwa nimeshika buti.