Kitenzi Ki Wapi

Nyuma ya posta, kwenye meza yangu ya mbao za kreti,
Bi Nyamvula aliniwekea barua
ikiwa bado na joto la kwapa.
"Naambiwa wamekataa. Soma tu, yaishe."

Sentensi moja, aya nzima.
Inaanza na kukataliwa,
kisha inapanga foleni:
kukataliwa na kamati ya rufani
kwa uamuzi wa afisa wa mafao
wa kuzuia malipo ya mjane
wa fundi wa mabomba aliyestaafu kwa maradhi
kutoka kiwanda ambacho hesabu zake za mwaka ule...

Nikakwama kama baiskeli kwenye reli ya Changamwe,
treni ya mizigo ikipita:
behewa, behewa, behewa,
nawe ushasahau kichwa kilikuwa cha rangi gani.

Kwetu kitenzi huvaa sare ya mwenyewe.
Ukisikia umeanguka, watafuta ukuta;
ukisikia kimeanguka, waokota kikombe.
Kiingereza, kitenzi chaja kitupu,
na majina kumi yamesimama mlangoni,
kila moja ladai: changu.

Nikatoa penseli na rula.
Nikafunika kila wa, kila ya, kila cha,
ambazo kwao zote ni kineno kimoja cha herufi mbili,
na kila kilichofuatana nazo.
Kiwanda nikakifunika. Mabomba. Afisa.
Mumewe nikamfunika.
(Uniwie radhi, marehemu.)
Yakabaki maneno mawili, kila moja ng'ambo yake:

Kukataliwa
kumethibitishwa.

"Si nilikwambia?" Akaanza kujifunga leso.

Ngoja, bibi. Kukataliwa kwa nini?
Nikasogeza rula, neno moja, neno moja.
Kwa uamuzi.
Uamuzi wa nini? Wa kuzuia.
Kuzuia nini? Malipo yako.

"Basi hao waliokataa..."

Wamekataa kukunyima.

"Wamekataa kuninyima."
Alilirudia mara tatu, kila mara polepole zaidi,
kama mtu aonjaye mchuzi asioiamini chumvi yake.
Duka la fotokopi jirani likazimika umeme;
mtu akatukana, akaomba msamaha kwa aliyepita.

Bi Nyamvula hakucheka, hakulia.
Aliivuta barua,
akaniuliza neno la malipo liko wapi.
Nikamwonyesha: katikati kabisa,
limebanwa baina ya kuzuia na mjane.
Akaligandamiza kwa kidole chenye hina ya zamani.

"Na hii pesa, kitenzi chake ki wapi?"

Nikatafuta hadi kwenye sahihi.
Hapakuwa na italipwa.
Hapakuwa na lini.
Pesa ilitajwa tu, kama jamaa wa mbali
atajwaye matangani na asiletewe kiti.
Nikageuza karatasi; nyuma kweupe.

Akavuta kigoda, akaketi upande wangu wa meza,
upande wa mwandishi.
"Tia karatasi mpya," akasema.
"Na usinipangie foleni.
Anza na kitenzi."