Chumvi ya Gongoni

Sanduku lilikuwa limelowa pembe moja.
Mwitaliano aliyehama Muyeye alimwachia shangazi
friji, mapazia, na chombo cha anga za mbali,
vipande mia mbili na kumi na tatu
vimeng'ang'ania fremu zao kama mbirimbi shinani.
Shangazi akasema: Dama, wewe ndiwe fundi simu,
utajua la kufanya na upuuzi huu.

Nilijua. Yaani, nilijua kulehemu.
Mengine nilifunzwa na vidole vilivyogandana kwa gundi.
Nikapiga msasa hadi maungio yakasahau kwamba ni maungio.
Nikatoboa madirisha kwa keekee nyembamba kama mwiba wa changu,
arobaini na nane,
kati ya simu ya mteja huyu na ya mteja yule.
Ndani nikakipaka mweusi tititi,
maana plastiki haina siri:
usipouzuia, mwanga hutokea kwenye ngozi
kama homa.

Nyuzi za taa nilizichomoa kwenye ua la bandia
la sebule ya Mama Riziki, lililozimika tangu arusi ya mwanawe.
Betri ni ya simu iliyotumbukia chooni. Mwenyewe hakuifuata.

Kisha kuchakaza.
Hapo ndipo mtu wa Malindi hucheka.
Geti letu lina miaka miwili na bawaba zimeshaoza.
Kikulacho ki nguoni mwako; kilacho bati ki hewani.
Tunapaka, kinakula, tunapaka,
na mimi nimeketi usiku kucha natafuta jinsi ya kukipa kutu
kitu pekee nyumbani kilichoishinda chumvi.

Nikapaka hudhurungi. Nikalowesha.
Nikanyunyiza chumvi ya Gongoni, ile ya mawe,
punje hapa, punje pale, juu yake kijivu.
Kilipokauka nikasugua kwa mswaki mkuukuu:
chumvi ikatoka na kijivu chake,
kutu ikachungulia
kama mwenye nyumba aliyeamshwa.
Nilipiga kigelegele peke yangu, dukani.

Baba akaja na kiti chake.
Miaka kumi na moja aliparuza kutu kule Ngomeni,
kwenye miguu ya jukwaa la roketi,
ananing'inia kwa kamba, chini maji,
juu kitu asichoruhusiwa kukigusa.
Siku ya kurusha waliwaondoa watu wa rangi.
Aliiona kutoka kwenye mihogo ya watu: moshi tu, anasema,
na mbuzi wakakimbia.
Kiitaliano chake ni cha kazini:
leta, shika, polepole, kesho.

Akakigeuza chombo mbele ya jicho lake zima.
"Uongo huu."
Kutu, akasema, haianzi katikati ya bati.
Huanzia kwenye nati. Halafu hulia kwenda chini.
"Baba, angani hakuna chini."
Akanyamaza.
Mtu akaleta simu iliyopasuka kioo, nikaipokea, akaenda zake,
na baba bado amenyamaza.
"Basi kiliwahi kutua mahali penye mvua,
wakakisahau. Kitafutie chini."

Tukakitafutia. Masizi ya sufuria, tina kidogo,
wanja wa shangazi bila ruhusa yake,
mchirizi chini ya kila nati,
yeye akielekeza kwa kile kidole kisicho na kucha:
hapa zaidi, hapa umezidisha, huku jua hulipiga,
huku hakuna mtu hupanda.
Nikashangaa anavyoijua meli ambayo haipo.

Saa tatu stima ikapotea mtaa mzima.
Nikagusisha waya kwa waya.
Madirisha yakawaka, madogo, ya manjano,
kama kuna watu ndani wanakula.
Baba akahesabu kwa sauti.
Arobaini na saba.
Moja karibu na mkia lilibaki giza.

Uzi umekatika, nikasema, itabidi nikipasue ubavu.
"Wacha." Akasogeza kiti.
"Huyo hayumo chumbani.
Yuko zamu.
Yuko nje, kwenye kamba, anaparuza."