Pedi ya Pili

Adapta imekuja kwa posta, ndani ya bahasha ya kahawia,
ndogo kama kibiriti: upande huu tundu la pini tisa,
upande ule ulimi bapa wa USB.
Nje, Curitiba imeganda. Julai. Nyasi za ua wa ghorofa
zimepakwa chumvi ya baridi isiyofika saa nne.
Jikoni mbegu za msonobari zinachemka, zinagonga kifuniko.

Nimetoa pedi mbili kwenye boksi la viatu.
Pacha, nyeusi zote, lakini mkono haudanganyiki:
ya kwanza ina alama za meno yangu kwenye kona,
ya pili ina plasta, na juu ya plasta, kwa kalamu,
jina ulilojiandikia kabla hujajua kupima nafasi:
EDENILSO. N ilianguka nje.

Nikachomeka ya kwanza.
Kompyuta ikakohoa, ikafikiri, ikaandika:
kifaa kisichojulikana.
Kisichojulikana! Nikacheka peke yangu.
Nikachomoa, nikapuliza pini (mazoea tu, hakuna vumbi),
nikachomeka tena. Ikakubali, shingo upande.

Kuna dirisha la majaribio, duara kwa kila kitufe:
ukibonyeza, linawaka kijani.
A. B. C. Anza. Juu, chini, kushoto, kulia.
Kidole gumba kilikwenda chenyewe,
kama mtu anayeamka usiku kunywa maji bila kuwasha taa.

Kisha yako.
A, kijani. B, kijani. C, hafifu, lakini kijani.
Juu. Chini. Kulia.
Kushoto.
Kushoto.
Nikabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Nimefungua skrubu. Ndani kuna vumbi la sebule ya mama,
unywele mmoja wa mbwa aliyekufa tukiwa shule ya msingi,
na waya mmoja uliokatika shingoni, pale kamba inapoingia.
Ncha yake imeota kutu ya kijani.
Kutu ya zamani hiyo, mdogo wangu. Si ya jana.

Jumamosi ngapi?
Ulisimama kulia mwa ulingo, umejikinga, unaningoja.
Mimi nikija, nikipiga, nikirudi, nikija tena.
Mwoga, nilikuita. Mkono wa uji.
Siku moja uliomba tubadilishane pedi
nami nikakujibu kwa sauti ya wakubwa:
mchagua jembe si mkulima.
Hesabu niliiandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati:
Jucimara mia mbili na kumi na nne,
Edenilson tisa.

Hizo mia mbili nilizibeba miaka yote kama cheo.
Leo zinazonitisha ni hizo tisa.

Nimekupigia Chapecó. Umetoka zamu ya usiku kiwandani,
sauti yako bado ina ubaridi wa chumba cha kuku.
Nimekueleza: waya, kutu, kushoto.
Ukanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Kumbe," ukasema.
"Mimi nilidhani kusogea mbele
ni haki ya mchezaji wa kwanza."
Ukapiga miayo, ukauliza kama mama anameza dawa zake.

Chuma cha kuunga kilikuwa tayari, risasi ikinukia.
Lakini kabla ya kuunga nilitaka kujua.
Nikachukua pedi yako hivyo hivyo,
nikasimama kulia, nikangoja mashine inijie.
Raundi ya kwanza: sekunde kumi na mbili.
Ya pili: tisa.
Ya tatu sikuitazama hadi mwisho.
Nikajaribu mara kumi na moja, Edenilson, mtu mzima,
nimejikunja kwenye kiti, natukana kwa Kireno safi,
na mbegu jikoni zimekauka maji, zinaanza kuungua.

Nimezima jiko.
Chuma nacho kimepoa.
Nimekiwasha tena, na nikingoja kipate moto
nimebandika plasta yako vizuri, pale kona ilipoinuka,
nikaongeza N.