Saa Nane Kamili

Bahasha haijui kuwa nje theluji imefika magotini.
Saa ya ukutani haijui.
Mimi najua, lakini mimi ni mgonga muhuri tu,
jumba la manispaa, Duluth, kaunta ya zabuni,
na muhuri wangu ulisema: saa nane na dakika nne.
Zabuni hufungwa saa nane kamili.

Aili Karvonen, fundi wa kuchomelea vyuma,
alisimama mbele yangu, theluji ikimyeyukia mabegani,
glavu moja mkononi, ya pili imepotea njiani.
Hakulia. Aliniuliza tu kama saa ile iko mbele.
Nikamwambia: iko mbele, dakika moja.
Tukahesabu sote wawili. Zikabaki tatu.

Mwaka uliofuata alifika asubuhi,
akakaa koridoni kama anayesubiri daktari.
Bahasha zikafunguliwa hadharani, bei zikasomwa,
yake ikawa chini kuliko zote.
Nilimwona akifumba macho.
Kisha wakageuza ukurasa wa kumi na saba:
sahihi hakuna.
Ni ukurasa wa kuapa kwamba hukula njama na mtu.
Mwanamke asiye na mtu wa kula naye hata chakula cha jioni
akatolewa kwa kutoapa kwamba hakula njama.

Mitaani wanasema mlango wa jiji hufunguliwa kwa kujuana,
mjomba fulani, mkono chini ya meza.
Nina miaka kumi na tisa hapa. Sisemi haijatokea.
Nasema ukurasa wa kumi na saba
umeangusha wengi kuliko mjomba.

Sheria hainiruhusu kumshauri.
Hainikatazi kupangusa ubao wa matangazo
wakati yeye kasimama pale,
wala kujisemea, kwa sauti kubwa kidogo,
kwamba zabuni ya aliyeshinda ni waraka wa umma,
akiuomba mtu yeyote atapewa,
nakala senti ishirini na tano.

Aliusoma palepale, kidole kikifuata tarakimu.
Bima. Rangi. Siku za mvua.
Siku za mvua! Yeye hakuzihesabu.
"Ningeshinda," akaniambia polepole, "ningefilisika."

Benki ilimnyima dhamana mara mbili.
Risiti zake za miaka mitatu zilikuwa kwenye kopo la biskuti,
zikinuka mdalasini;
jirani yake, mzee Orrin Beaulieu,
aliyewahi kutunza hesabu za meli za madini,
alizitandaza juu ya kitanda
mpaka zikasema kitu ambacho benki inakielewa.

Siku ya kukagua kazi, ufukweni mwa ziwa,
wakandarasi kumi na wawili walitazama reli kwa mbali,
mikono mifukoni, injini za magari zikinguruma.
Yeye alipiga magoti, akakwangua zege kwa ufunguo.
Usiku akaandika swali:
nguzo zilizooza chini, ambazo hazionekani, nani anazilipia?
Jibu, kama kanuni itakavyo, likatumwa kwa wote.
Macho yake yakawa mali ya wapinzani wake.
Wawili wakajitoa.

Mara ya tatu hakuwa rahisi sana.
Alikuwa rahisi vya kutosha, kila ukurasa una sahihi,
hata ule mtupu wa mwisho, usiohitaji.
Nikagonga muhuri: saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi.

Aliuza gari lake anunue chuma.
Jiji lilimlipa baada ya siku sabini na mbili.
Hilo halikuandikwa ubaoni.

Aprili, barafu ikipasuka ziwani kwa mlio wa sahani,
nilipita pale baada ya kazi.
Mtoto alikuwa anakimbia, akiburuza kijiti kwenye nondo,
kra-kra-kra, mita mia mbili na kumi na mbili.
Nikaegemea reli kwa uzito wangu wote.
Haikutikisika. Haina jina la mtu.

Ile saa ya ukutani bado iko mbele dakika moja.
Nimeomba irekebishwe.
Wanasema lazima itangazwe zabuni.