Mgeni wa Miezi Mitano

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe umekaa kwangu miezi mitano
na hujalima hata tuta.
Mwanangu Gyutae alikuleta kwa posta kutoka Ulsan,
kikaangio cha hewa, mweusi, mnene,
kama chungu kilichonyimwa mdomo,
nami nikakujaza vitunguu saumu tumboni,
nikakufunika kitambaa.
Gyutae akipiga simu: "Mama, unakitumia?"
"Kila siku," namjibu. Si uongo.
Kila siku nachukua kitunguu.

Jumanne kikaja kile kimbunga.
Usiku kucha nilihesabu kwa sikio:
pu.
Pu. Pu-pu.
Kila pu ni peasi, pamoja na mfuko wa karatasi
nilioufunga kwa mkono wangu mwezi wa sita.
Nilipofika mia nne niliacha.
Zilibaki siku kumi na moja kabla ya sikukuu ya mavuno.
Asubuhi mnunuzi alikuja, hakushuka hata garini.
"Lililodondoka halinunuliki, bibi."
Akapandisha kioo.

Tuliyaokota matopeni, mimi na Thuy,
mke wa jirani, mtu wa Vietnam,
Kikorea chake kinachechemea, goti langu pia.
Mvua ilitunyea mpaka kwenye mifupa.
Jioni akaanza kukohoa,
kikohozi kikavu, cha mbwa aliyefungwa.

Basi, mgeni, leo ndiyo siku yako ya tatu.
Tema vitunguu.

Dawa naijua. Marehemu Pansik aliipika
juu ya jiko la makaa, saa nzima,
kachutama, hataki kusemeshwa:
likate peasi utosini, lipate kofia;
chimba moyo kwa kijiko, usitoboe kitako;
tia asali, tangawizi, kunazi kavu mbili,
mdalasini usiozidi ukucha;
kisha chomeka punje za pilipili manga ubavuni,
tisa.
Hakuwahi kuniambia kwa nini tisa.

Thuy alisoma vitufe, miwani yangu sijui iko wapi.
Mia na sitini. Dakika ishirini.
Ukavuta pumzi.

Loo, mvumo huo!
Niliujua kabla sijageuka.
Ni ule ule wa Jumanne,
umekunjwa, umetiwa kwenye droo,
na mimi, mjinga mzee,
nimeupelekea peasi kwa mkono wangu mwenyewe.

Dakika ya tatu: kach, kach, kach.
Umeing'oa kofia!
Kunazi zinakimbizana kama watoto waliofungiwa ndani,
moja imenasa juu kwenye waya mwekundu, inafuka moshi.
Nikakuchomoa ukutani.
Nikakutukana kwa lahaja ya kwetu, tusi refu, la shambani,
na Thuy, ambaye huulizia kila neno mara mbili,
hilo hakuuliza.
Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Mara ya pili tulibana kofia kwa vijiti vya meno,
vinne, kama mtu anayepigilia bati la paa
wingu likiwa tayari mlimani.
Ukavuma. Ukavuma.
Kofia ikakaa.
Kwanza ikatoka harufu ya tangawizi, kali, ya kuamuru,
halafu mdalasini, taratibu,
halafu kitu ambacho sina jina lake,
kilichokuwa kikinukia kwenye shati la Pansik
akiisha kupika.

Peasi lilikuwa limenywea, limekunjamana,
asali inatokwa na mapovu ukingoni.
Thuy alikula na ganda. Ganda haliliwi.
Sikumwambia.
Alikunywa mchuzi, akafumba macho,
akasema neno la kwao, fupi,
nami sikuuliza.

Tulikuwa tumeshatia la pili
simu ilipolia.
"Mama, unakitumia?"
Nikaisogeza simu karibu nawe.
"Sikiliza."
Akanyamaza. Huko Ulsan naye alikohoa, mara moja.
"Mama, ni kimbunga tena?"
"Ndiyo," nikasema. "Kidogo.
Kinanukia mdalasini."